Je, kikao huzaa mawazo mengi zaidi?

Kuanzia wenye maduka Darajani hadi vikundi vya wakulima wa mwani Paje, Zanzibar, wengi tunaamini kwamba ukitaka mawazo mapya ya biashara, uwaite watu wote wakae wayataje kwa sauti. Penye wengi pana mengi. Imani hii haikutoka hewani: kikao huchangamka, na kila mtu huondoka akihisi amechangia.

Lakini majaribio yaliyochapishwa Marekani mwaka 1958, na kurudiwa mara nyingi baadaye, yameonyesha vingine. Watu wanne wakifikiri kila mmoja peke yake, kisha orodha zao zikaunganishwa, kwa kawaida hutoa mawazo mengi kuliko wanne waliokaa pamoja. Sababu kubwa ni zamu: mmoja akisema wengine husubiri, na katika kusubiri wazo husahaulika. Halafu kuna kuona haya. Bi Mkubwa akishasema sabuni ya mwani itiwe karafuu, kijana gani atataja mchaichai?

Unaweza kujaribu mwenyewe. Swali moja, dakika kumi. Wanne wazungumze, wanne wengine waandike bila kusemezana. Futa kwanza yaliyojirudia kwenye karatasi za walioandika, ndipo uhesabu, maana bila hivyo utajidanganya. Kisha badilisha swali, makundi nayo yabadilishane.

Kikao chenyewe kisifutwe. Kupima wazo lipi linalipa, na kupata ridhaa ya watakaolitekeleza, bado ni kazi ya kukaa pamoja.