Methodi za klasi moja ndiyo, ila hazionani

Jana tena. Kijana kanifuata, "kaka Python inanizingua, methodi iko hapo hapo juu yake halafu inasema haipo". (Klasi ni ramani ya kuundia vitu, methodi ni fanksheni inayokaa ndani yake.) Sijafungua hata laptopu nishajua:

class Mkopo:
    def riba(self):
        return self.kiasi * 0.10
    def jumla(self):
        return self.kiasi + riba()

Unapata NameError: name 'riba' is not defined. Andika self.riba(), self ikiwa ni kitu chenyewe, yaani mkopo huo unaoupigia hesabu, kwisha. Tangu Python 3.12 yenyewe inakunong'oneza Did you mean: 'self.riba'?, lakini nani anasoma eroo mpaka mwisho bana.

Watu wanadhani methodi zikikaa klasi moja basi zinaonana, sababu wametoka Java ambako unaita riba() tu inakubali. Huku Python ikikuta jina tupu ndani ya methodi inatafuta humo humo, kisha fanksheni iliyoizunguka kama ipo, kisha faili zima, kisha majina yake ya kuzaliwa nayo kama print, ila klasi inairuka kabisa. Na ukiwa na bahati mbaya ya kuwa na fanksheni nyingine inaitwa riba nje ya klasi, itaita hiyo, kimya kimya.

Sasa kinachonikera zaidi ni wale "waliotatua" kwa kuandika Mkopo.riba(self). Inafanya kazi eeh, leo. Kesho unaandika klasi MkopoWaVicoba inayorithi Mkopo, unaweka riba yake ya asilimia 5, unaita jumla(), na wanakikundi wanakatwa 10 vilevile! Hakuna eroo wala nini, maana wewe mwenyewe umeshaitaja klasi ya mzazi kwa jina. self.riba() inaanza kuuliza hiki kitu ni cha klasi gani, ndo inapanda juu kwa wazazi. Kwenye @classmethod, methodi inayopewa klasi yenyewe badala ya kitu, ni cls, hadithi ile ile. @staticmethod haipewi self wala cls, huko taja jina la klasi sikulaumu. Ukimtaka mzazi makusudi kuna super().

Ila na mimi self imeshanigeuka. Ukiita self.riba() ndani ya __init__ ya mzazi (methodi inayoendeshwa kitu kinapoundwa), inayoitwa ni ya mtoto, na mtoto hajamaliza hata kuweka vitu vyake, unapigwa AttributeError (eroo ya kitu kukosa unachokitafuta ndani yake) sehemu hujawahi kuigusa. Siku hizi kwenye __init__ siiti methodi ambayo mtoto anaweza kuibadilisha, au najitahidi, maana nikifungua kodi zangu za zamani nazikuta zimejaa.