Tathmini ya ziara za mazingira za wanafunzi ni kitu gani hasa

Shule nyingi huku kwetu siku hizi zinapeleka watoto nje kujifunza mazingira, wa Mbeya wanaenda Ngosi au Kitulo, wa Iringa wanaenda Ruaha, wakirudi ripoti inaandikwa: wanafunzi walikuwa kadhaa, walimu kadhaa, kosta mbili, picha hizi hapa, imeisha. Hiyo ni taarifa ya safari tu. Tathmini ni kutafuta ushahidi wa kilichobadilika kwa mwanafunzi kwa sababu ya ziara, alafu ushahidi huo ndo uamue ziara ijayo iweje.

Kubadilika kwenye nini? Mkutano wa elimu ya mazingira wa Tbilisi wa 1977, wa UNESCO na UNEP, mashirika ya Umoja wa Mataifa, ulitaja mambo matano: mwamko, maarifa, mtazamo, stadi na ushiriki. Sisi wengi tunapima maarifa peke yake, tena kwa swali la kukariri.

Chukua Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, wenyewe wanaiita Bustani ya Mungu. Kuna aina zaidi ya 40 za maua ya okidi, na viazi vya baadhi yake vinachimbwa vinavushwa kwenda Zambia kupikwa chakula kinachoitwa chikanda. Ukimwambia mtoto ataje maua matatu aliyoyaona atataja vizuri tu akiwa kwenye gari, mwezi ukipita hana kitu. Muulize hivi: kiazi kikichimbwa kabla ua halijatoa mbegu, mwakani pale pataota nini, na mjomba wako anayeuza hivyo viazi ungemwambiaje? Hapo unaona kama kaelewa na kama ana msimamo wake.

Na uulize mara tatu, kabla hawajaenda, wakirudi, na miezi kama mitatu baadaye. Ile ya kabla ndo inarukwa sana na ndo muhimu kuliko zote, maana mtoto wa Matamba aliyekulia jirani na hifadhi anajua mengi kutoka kwa bibi yake, usipompima mwanzo utajisifia somo ambalo hukulifundisha wewe. Wasiandike majina. Mwalimu akiuliza "mlifurahi?" mbele ya darasa jibu ni ndiyo siku zote, na ndiyo hiyo haikusaidii chochote.

Sasa kuboresha. Okidi zinachanua kipindi cha mvua, ukipeleka watoto mwezi wa saba wanakuta nyasi kavu na baridi, kwa hiyo majibu yakionyesha hawakuelewa habari ya okidi usimlaumu muongoza wageni, badilisha mwezi. Kama barabara ya mvua inawashinda basi badilisha somo, mwezi wa saba fundisha maji, kwa sababu vijito vya Kitulo vinalisha Ruaha Mkuu, mto ambao tangu miaka ya 1990 umekuwa ukikatika kiangazi kule hifadhini Ruaha, na hilo mtoto akisimama pale kijitoni analishika. Majibu yakishakusanywa mpe nakala na mhifadhi aliyewatembeza, yeye anapokea shule nyingine wiki ijayo.