Kusafisha kihisi cha kamera: kinachosafishwa ni nini hasa?

Piga picha mwezi wa Januari kwenye barabara ya udongo mwekundu huko Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, badilisha lenzi mara moja tu huku lori likipita, kisha jioni zifungue picha zako kwenye kompyuta. Angani, mahali palepale katika kila picha, utakuta kidoa cha kijivu chenye kingo zilizofifia. Picha ya Mlima Moroto inacho, ya ng'ombe inacho, ya watoto kisimani inacho. Ukifuta lenzi, kidoa hakiondoki. Ukiweka lenzi nyingine, kipo vilevile. Hapo ndipo mtu huambiwa kwamba kamera yake inahitaji kusafishwa kihisi, na wengi huitikia tu bila kujua ni kitu gani kitaguswa.

Kihisi ni kile kibamba kilichomo ndani kabisa ya kamera ya dijitali, nyuma ya lenzi, kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa umeme unaotengeneza picha. Wapo wanaokiita sensa. Mimi nashika neno kihisi kwa sababu sensa kwetu ni kuhesabu watu. Kimekaa pale ilipokaa filamu zamani. Tofauti ni kwamba filamu ilisogea: kila picha ilipata kipande kipya, na punje ya vumbi ikiharibu picha moja ilikwenda zake na kipande hicho. Kihisi hakisogei. Kilichotua leo kitaonekana katika harusi ya kesho na ya wiki ijayo.

Na punje haihitaji kuwa kubwa. Kamera yenye megapikseli 24, yaani nukta milioni 24 za kupokea mwanga, kwenye kihisi cha milimita 36 kwa 24 ina nukta zenye upana wa milimita 0.006 hivi kila moja. Punje ya milimita 0.06, yaani karibu unene wa unywele, inafunika nukta kumi kwa mstari mmoja.

Sasa jambo ninalotamani kila mwenye kamera alijue kabla hajagusa chochote: vumbi halikai juu ya kihisi chenyewe. Mbele ya kihisi kuna kioo chembamba, mara nyingi tabaka kadhaa zilizobanana, kinachochuja mwanga wa infraredi ambao macho yetu hayauoni lakini kihisi kinauona. Vumbi linatua kwenye uso wa kioo hicho. Kwa hiyo kusafisha kihisi ni kusafisha kioo kilicho mbele yake. Ukilijua hilo, hofu inapungua, maana kioo kinastahimili kuguswa na kitu laini kwa mkono mtulivu. Lakini usikizoee. Uso wake umepakwa tabaka nyembamba za kuzuia mwanga usirudi, na mchubuko ukishaingia hauondoki kwa kusugua. Dawa ni kubadilisha kipande, na bei yake inaweza kukaribia ile ya kununua kamera nyingine iliyotumika.

Kioo hicho ndicho kinachoeleza pia kwa nini kidoa huonekana leo na kesho kikapotea. Kati ya vumbi na kihisi kuna nafasi ndogo, hivyo kinachoingia kwenye picha ni kivuli cha vumbi. Ukifungua tundu la lenzi, apacha kama tunavyoita, hadi f/2.8, mwanga unakifikia kihisi kutoka pande nyingi na kivuli kinatawanyika hadi hakionekani. Ukilifunga hadi f/16, mwanga unakuja kwa njia nyembamba na kivuli kinakaza. Ndiyo maana mpiga picha wa kwanjula, sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa, anayefanya kazi ndani ya hema, tundu likiwa wazi siku nzima, anaweza kukaa miezi bila kujua hali ya kamera yake, hadi siku atakapopiga picha ya Ziwa Victoria mchana kweupe.

Kwa hiyo usisafishe kabla ya kupima. Weka tundu kwenye f/16 au f/22, ISO (wepesi wa kihisi kuitikia mwanga) ya chini kabisa, zima fokasi ya kujiendesha na uivuruge makusudi, kisha piga ukuta mweupe au anga. Sogeza kamera taratibu wakati shata, yale mapazia yanayofunguka mbele ya kihisi kuruhusu mwanga, iko wazi: alama za ukutani zitafutika kwa mwendo, za vumbi zitabaki. Kumbuka pia kwamba lenzi hupindua picha. Ukiikabili kamera iliyosimama wima, kidoa cha juu kushoto kwenye picha kipo chini kushoto kwenye kihisi. Nimewahi kupuliza kona ya juu kwa bidii ya dakika nzima wakati punje ilikuwa imetulia chini.

Na kama unaona uchafu ukichungulia kwenye kitundu cha kutazamia cha DSLR, ile kamera yenye kioo ndani kinachoakisi mwanga hadi kwenye kitundu hicho, lakini hauonekani kwenye picha, uache. Huo uko kwenye kioo kinachoakisi au kwenye kidirisha kilicho juu yake. Kioo kile ni laini kuliko unavyodhani, na hakina kosa lolote.

Njia za kusafisha ni ngazi, na unapanda ya pili pale tu ya kwanza inaposhindwa. Ngazi ya chini kabisa imo ndani ya kamera yenyewe. Mwaka 2003 Olympus ilitoa E-1, ambayo kioo chake cha mbele kilitikisika kwa kasi kubwa mno ili kukung'uta vumbi. Leo kamera nyingi za kubadilisha lenzi hufanya jambo kama hilo unapowasha au kuzima. Husaidia kwa vumbi kavu na jepesi. Kwa lililogandamana, halisaidii.

Ngazi ya pili ni hewa, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu kwa udongo wetu hii ndiyo inayookoa kamera. Udongo mwekundu wa barabara zetu hupata rangi yake kwa oksidi za chuma, lakini ndani yake mna pia punje za kwazi, lile jiwe linalong'aa kwenye mchanga. Kwa kipimo cha ugumu cha Mohs, kwazi ni 7. Kioo cha kawaida ni kama 5.5. Maana yake punje ya barabarani inaweza kukichora kioo. Ukianza na kitambaa au kijiti chenye maji huku punje ingalipo, unaiburuza kutoka upande mmoja hadi wa pili, na mstari itakaouacha ni wa kudumu. Hewa kwanza, kila mara, hata kama umekwisha kuamua kwamba utatumia maji.

Hewa yenyewe itoke kwenye pampu ndogo ya mpira ya kuminya kwa mkono, ile yenye umbo la yai na mdomo mwembamba. Ibinye mara kadhaa pembeni kwanza ili itoe vumbi lake yenyewe. Kwenye DSLR, nenda kwenye menyu uchague hali ya kusafisha kihisi. Kioo kinachoakisi kitapanda na shata itafunguka. Betri iwe imejaa, kwa sababu ikikata katikati ya kazi shata hujifunga, na mapazia yake ni membamba mno. Kwenye kamera zisizo na kioo hicho, kihisi mara nyingi kipo wazi ukishatoa lenzi. Zima kamera, na kama mapazia hujifunga ukizima, tumia menyu. Elekeza mdomo wa kamera chini ili kinachodondoka kidondokee nje, usiuingize mdomo wa pampu ndani sana, na upulize mara kumi au ishirini. Pima tena. Mara nyingi kazi huishia hapo.

Usipulize kwa kinywa. Mate yatatua kwenye kioo na sasa una madoa mawili badala ya moja. Hewa ya kopo ya kusafishia kompyuta inaweza kurusha kimiminika baridi kinachoacha utando. Na ile kompresa ya gereji ina nguvu ya kuvunja shata, tena hewa yake hubeba maji na mafuta.

Kuna pia kijiti chenye kichwa cha jeli inayonata, unachokigusisha na kukiinua, kikaondoka na punje. Hufanya kazi, mradi kiwe kimetengenezwa kwa ajili ya kihisi.

Ngazi ya juu ni maji, yaani swabu, kijiti bapa chenye kitambaa laini kichwani, na dawa yake maalumu inayokauka haraka bila kuacha alama. Utaihitaji hasa baada ya miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, kwa sababu vumbi la kiangazi likipata unyevu hushika kwenye kioo na hewa hailing'oi tena. Utaihitaji pia kwa matone ya mafuta kutoka kwenye mitambo ya shata. Hayo huonekana kama duara lenye kingo safi na katikati palipong'aa kidogo. Swabu iwe na upana wa upande mfupi wa kihisi chako: milimita 24 kwa kihisi kikubwa, 16 kwa kile kidogo zaidi kiitwacho APS-C. Tia dawa matone mawili, subiri ienee, kisha pita mara moja kutoka kushoto hadi kulia kwa nguvu ya mtu anayeandika taratibu kwa kalamu. Geuza upande wa pili, rudi kulia hadi kushoto, na swabu hiyo itupe. Usiitumie tena hata kama inaonekana safi. Bei ya swabu isikushawishi.

Fundi mmoja aliwahi kunisafishia kamera kwa pamba ya masikio na spiriti ya duka la dawa. Aliirudisha ikiwa na nyuzi za pamba pembeni na michirizi iliyokauka katikati, na picha za wiki iliyofuata zilinichukua usiku mbili kuzisahihisha. Tangu siku ile, nikimpelekea mtu kamera, namwomba anionyeshe swabu ikiwa bado kwenye pakiti yake na afanye kazi nikiwa nimekaa hapohapo. Mwenye ujuzi hakasiriki.

Ukimaliza, piga ukuta uleule kwa f/16. Kama kidoa kimehama, hujashindwa: punje imeng'oka na ikatua kwingine, rudi kwenye pampu. Kama umepita na swabu mbili mpya na kidoa hakijasogea hata kidogo, weka vifaa chini. Huenda ni mchubuko, au uchafu ulioingia nyuma ya kioo, na huko hakufikiki bila kuifungua kamera.