Ule mlio wa nyambizi kwenye filamu

Barazani hapa Lamu, filamu ya vita ilipokwisha, kijana aliniambia: “Ami, nyambizi hulia ting, ting, ndivyo inavyoona njia.” Sivyo. Huo ni mlio wa sona, chombo kinachotuma sauti majini na kungoja mwangwi. Nyambizi iliyojificha ikiutoa, imejitangaza kwa adui. Kwa hiyo kazi yake kubwa ni kunyamaza na kusikiliza. Katika Vita vya Pili vya Dunia, zilizotoa mlio huo hasa ni meli za juu ya maji zilizokuwa zikiisaka nyambizi.

Mwongozaji wa filamu anauhitaji mlio huo kwa sababu hatari iliyo chini ya maji haionekani, na mtazamaji lazima aisikie ikikaribia. Nami simlaumu. Hata vyumba vya nyambizi hupanuliwa kwenye filamu: nyambizi ya Kijerumani ya aina ya VII, yenye urefu wa mita 67 hivi, ilibeba watu zaidi ya 40. Kamera ingepita wapi?