Umefika kikomo cha mauzo eBay? Usifungue akaunti ya pili

Wiki hii nimeulizwa tena swali ambalo nimelijibu hadi ulimi umechoka. Kijana anayeuza stempu za zamani, zile za Kenya, Uganda na Tanganyika, alikuja na simu mkononi. eBay, soko la mnada la mtandaoni, ilikuwa imemwandikia kuwa amefika kikomo chake cha mauzo cha mwezi. "Maalim, wamenifungia," akaniambia. "Nifungulie nyingine kwa kitambulisho cha mke wangu."

Hakuwa amefungiwa. Akaunti ilikuwa nzima, matangazo yake yote yalikuwa hewani, na kulikuwa na wanunuzi waliokwisha kulipa wanaosubiri vifurushi. Badala ya kuwa Posta pale Digo Road akituma mizigo ya watu, alikuwa amekaa kwangu akitaka tufanye jambo ambalo lingemfungia kweli.

Kazi yangu ni kuwasaidia watu wa Mombasa kuuza vitu vyao kwenye minada ya mtandaoni, na dhana hii ndiyo inayoniharibia wateja wengi kuliko nyingine zote: kwamba kikomo ni adhabu, na dawa yake ni akaunti ya pili. Nitaieleza kwa urefu. Zile nyingine nitazigusa tu.

Kwanza, kikomo chenyewe kina namba mbili: idadi ya vitu na jumla ya thamani yake kwa mwezi. Kwa muuzaji mpya, kiwango kinachotajwa zaidi ni vitu 10 na dola 500. Yoyote itakayofikiwa mwanzo ndiyo inayokusimamisha. Ukiweka shilingi za fedha za Afrika Mashariki za enzi ya ukoloni kwa dola 450 mkusanyiko mmoja, umebakiwa na dola 50 tu hata kama idadi inasoma kitu 1. Na ukiweka tangazo moja la leso ukaandika una pea 12, hizo zinahesabiwa 12, si tangazo 1. Nimeona watu wakiapa kuwa eBay imewaibia hesabu, kumbe wenyewe wamejaza idadi kubwa kwenye tangazo moja na kumaliza nafasi yao siku ya kwanza.

Kinachohesabiwa ni vitu vilivyo hewani pamoja na vilivyouzwa mwezi huo. Ndiyo maana anayesubiri tarehe 1 kwa hamu hukuta nafasi bado imebana: matangazo ya bei iliyopangwa, yasiyo ya mnada, hujihuisha yenyewe kila mwezi mpaka uyatoe, nayo yanakula nafasi ya mwezi mpya. Kama una leso tatu ambazo hazijatazamwa na mtu tangu mwezi wa Ramadhani, zitoe. Hakuna aliyekulazimisha kuzifuga.

Kwa nini waweke kikomo? Kwa sababu mnunuzi wa Chicago analipa kabla hajaona kitu, na eBay imemuahidi kuwa kisipofika, au kikifika si kile kilichotangazwa, atarudishiwa pesa zake. Muuzaji akitoweka, hasara inaweza kuiangukia kampuni. Wewe ni mgeni kwao. Hawakujui, hawamjui baba yako, hawajui kuwa duka lenu liko Barabara ya Biashara tangu enzi za babu. Wanachoweza kukijua ni kama unatuma ulichouza, na kwa wakati. Kikomo kinawapa muda wa kuliona hilo kabla pesa nyingi hazijaingia hatarini. Wauzaji wapya hupewa kikomo, wa Mombasa na wa Manchester, na kwenye bidhaa zinazoghushiwa sana, kama raba za majina makubwa, mikoba na simu, kinaweza kubana zaidi.

Sasa tazama anachofanya mtu wa akaunti ya pili. Anatumia simu ile ile, intaneti ile ile ya nyumbani, sanduku la posta lile lile, na picha zilizopigwa juu ya mkeka ule ule. Jina tu ndilo jipya. Mfumo wa eBay unalinganisha vitu hivyo, na ukishaona akaunti mbili ni za mkono mmoja na ya pili imefunguliwa ili kukwepa kikomo cha ya kwanza, zote mbili zinaweza kusimamishwa. Hapo ndipo neno kufungiwa linapokuwa kweli. Na pesa za mauzo ambazo hazijatoka hubaki huko mpaka mambo yakaguliwe.

Kuna na la kitambulisho cha mke, au cha dada, au cha mjomba asiyejua hata eBay ni nini. Malipo huenda kwa jina lililothibitishwa. Mnunuzi akilalamika, lawama ni za jina hilo. Ukikosana na mjomba, pesa ni zake kisheria na akaunti ni yake. Sioni ni kwa nini mtu anayekataa kumpa mjomba ufunguo wa duka anampa duka zima mtandaoni.

Wabaya zaidi ni wanaouza akaunti kwenye makundi ya WhatsApp, eti "zimeshapanda, kikomo kikubwa". Masharti ya eBay hayaruhusu akaunti kuhamishwa kwa mtu mwingine bila idhini ya kampuni. Nyingine zimeibwa kwa wenyewe. Siku mwenyewe atakapoichukua tena akaunti yake, wewe utakuwa umelipa, umeweka bidhaa, na huna pa kulalamika. Usinunue. Anayekuletea mpango huo si rafiki yako.

Ili nisieleweke vibaya: kuwa na akaunti mbili peke yake si kosa. Mtu anaweza kuwa na moja ya leso na nyingine ya stempu, zote kwa jina lake, na mwenye akaunti ya siku nyingi anaweza kuiunganisha na mpya ili rekodi yake imsaidie. Kosa ni kufungua ya pili kwa siri ili kukimbia kikomo.

Na hapa Mombasa tuna balaa letu la ziada. Watu wanne wanatumia sanduku moja la posta la duka la ami yao. Wengine wanafungulia akaunti kwenye saiba ile ile, kompyuta ile ile. Halafu jina: kitambulisho kinasema Mohamed, benki inasema Muhammad, na eBay imeandikiwa la tatu. Mtu asiye na hatia yoyote anaonekana kama watu watatu, au watu watatu wanaonekana kama mmoja. Fungua kwa simu yako mwenyewe, andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho herufi kwa herufi, na ukiweza kulipia sanduku lako, lipia.

Basi kikomo kinapandaje? Kwa rekodi. eBay huzitazama akaunti mara kwa mara na kuongeza yenyewe, na wewe pia unaweza kuomba, mara moja kila siku 30. Kuomba siku ya pili baada ya kufungua akaunti ni kupoteza ombi. Ngoja uwe umeuza sehemu kubwa ya ulichoruhusiwa na vifurushi vimefika.

Ushauri wangu ambao wateja hawaupendi ni huu: miezi ya mwanzo uza vitu vidogo. Stempu za dola 8, vikoi vya dola 20. Vitu 10 vya bei ndogo vilivyofika salama vinakujengea jina kuliko kitu kimoja cha dola 480 ambacho mnunuzi atakuwa na wasiwasi nacho kuanzia dakika ya kulipa. Na muda wa kuandaa mzigo usiandike siku 1 ili upendeze. Andika siku 3 za kazi kama ndivyo unavyoweza, kwa sababu ukiahidi kesho na kesho ikawa Idd, umechelewa kwa hesabu yao. Tuma kwa njia yenye namba ya kufuatilia, na namba hiyo uiweke kwenye agizo siku hiyo hiyo.

Linalowaangusha wenye maduka ni kuuza kitu kimoja mara mbili. Leso iko mtandaoni na iko kwenye rafu, asubuhi mteja wa Kilifi ameichukua, usiku mtu wa Texas ameilipia. Ukifuta agizo kwa sababu kitu hakipo, hiyo ni dosari kwenye rekodi yako, na eBay inataka dosari zisizidi asilimia 2 ya mauzo. Tathmini hufanywa tarehe 20 ya kila mwezi. Ukishuka chini ya kiwango, kikomo kinaweza kupunguzwa badala ya kuongezwa. Ulichokiweka mtandaoni kiondoe dukani, kifungie kabatini. Nimesema hili mara nyingi kiasi kwamba wateja wangu wengine hulimalizia wenyewe.

Mengine ni mafupi.

"Nina matangazo 250 ya bure, basi naruhusiwa kuuza vitu 250." La. Hizo 250 kwenye eBay ya Marekani ni idadi ya matangazo unayoweza kuweka kwa mwezi bila kutozwa ada ya kuweka. Zinahusu ada peke yake. Kikomo chako kikiwa 10, ni 10.

"Pesa zimezuiwa, kwa hiyo nimepita kikomo." Hayo ni mambo mawili. Pesa za muuzaji mpya zinaweza kushikiliwa hadi siku 30, au mpaka ionekane mzigo umefika. Ukipita kikomo hutaweza kuweka tangazo jipya, wala hakuna pesa ya mtu inayochukuliwa kwa hilo.

"Ninunue vitu vya senti ili nipate maoni mazuri, kikomo kitapanda." Maoni ya ununuzi yanaonyesha kuwa unalipa. Hayaonyeshi kuwa unatuma.

Hili linalofuata linatoka kwa ndugu zetu walioko Uingereza, wanaouza vitu kwa niaba ya jamaa zao wa Mombasa kwa akaunti za huko: eti tangu 2024 mtu binafsi haruhusiwi kuuza zaidi ya vitu 30 kwa mwaka. Limesambazwa kwa sauti za WhatsApp mpaka watu wameacha biashara. Ukweli ni kuwa kuanzia tarehe 1 Januari 2024 majukwaa ya Uingereza yanakusanya taarifa za wauzaji na kuzipeleka kwa mamlaka ya kodi, HMRC. Muuzaji wa bidhaa mwenye mauzo chini ya 30 na yasiyozidi euro 2,000 kwa mwaka haripotiwi. Akivuka, anaripotiwa, basi. Harakati za kuuza hazisimamishwi, na kuripotiwa si kutozwa kodi. Anayeuza kabati lake la zamani na nguo za wanawe zilizowabana kwa kawaida hana kodi ya kulipa. Anayenunua ili auze ni mfanyabiashara, na huyo ana msamaha wa pauni 1,000 za mapato ghafi kwa mwaka, uliokuwepo tangu 2017, kabla ya kelele hizi. Utaratibu kama huo wa kuripoti ulianza Umoja wa Ulaya mwaka 2023.

Kwa hiyo shangazi wa Leicester anayepokea leso kutoka kwako ili auze, hata akiuza 15 tu kwa mwaka, anafanya biashara, na akaunti yake inatakiwa iandikishwe kama ya biashara. Uchache wa vitu haumfanyi kuwa muuzaji binafsi. Ni nia ya kununua ili kuuza ndiyo inayoamua.

Hapa nyumbani, KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, haina habari na kikomo chako cha eBay. Kodi ya mauzo ghafi, ile ya asilimia 3, inamhusu mwenye mauzo ya shilingi milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka, awe anauza Kongowea au California.

Na la mwisho, wanaodhani kuwa nafasi iliyobaki kwenye kikomo ni ruhusa ya kuuza chochote. eBay ilipiga marufuku pembe za ndovu duniani kote tangu Januari 2009. Bangili na vitana vya gamba la ng'amba, aina ya kasa, navyo usiniletee, hata kama ni vya nyanya yako. Lakini linalowashangaza wengi ni sarafu. Zile pesa za shaba za 1888 zenye jina la Mombasa, za Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, zina wanunuzi, na watu huziona ni vitu vidogo vya kutia kwenye bahasha. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya Kenya ya 2006 inakihesabu kuwa ni cha kale kitu chochote cha kuhamishika, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895, na cha kale hakitoki nchini bila kibali. Sarafu ya 1888 imo humo, na baadhi ya viti na makasha ya kale ya Lamu vimo pia. Kabla ya kuweka tangazo la kitu cha namna hiyo, nenda Fort Jesus ukawaulize watu wa Makumbusho.