Ganzi ya neva ya mguu: sindano huongozwaje?

Mwendeshaji bodaboda akianguka na kuvunjika kifundo cha mguu hapa Nairobi, swali la kwanza la jamaa zake hospitalini huwa: je, atalazwa usingizi? Mara nyingi si lazima. Mguu unaweza kutiwa ganzi kuanzia goti kwenda chini, naye akabaki macho akizungumza na wauguzi. Hiyo ndiyo ganzi ya neva: dawa kama bupivakeini hudungwa kando ya neva, yaani mshipa wa fahamu, ili habari za maumivu zisifike kwenye ubongo.

Dawa yenyewe si kazi. Kazi ni kuipata neva, maana haionekani kwa macho. Wayo na kifundo huhudumiwa na neva 5. Nne ni matawi ya siatiki, neva nene inayoshuka nyuma ya paja na kugawanyika juu kidogo ya goti. Ya tano, safena, hutokana na neva ya mbele ya paja na huhisi ngozi ya upande wa ndani wa kifundo. Daktari akiisahau hiyo moja, mgonjwa atashtuka kisu kikigusa fundo la ndani.

Zamani daktari alipapasa mifupa na mishipa, akakadiria, akadunga. Njia hii haijafa, na siioni kuwa ya kudharauliwa. Pale kwenye kifundo neva kadhaa ziko karibu na ngozi, na mkono wenye mazoezi huzipata vizuri bila mashine yoyote.

Kisha kikaja kifaa cha umeme. Sindano hupitisha mkondo mdogo sana, na inapoikaribia neva, misuli huruka na vidole vya mguu hucheza. Daktari hupunguza mkondo hadi karibu miliampea 0.5; vidole vikiendelea kucheza, anajua amefika karibu. Shida ni kwamba mfupa uliovunjika huuma kila misuli inaporuka. Tena kwa mwenye kisukari cha muda mrefu, neva zilizoharibika huenda zisiitikie vizuri.

Altrasaundi ndiyo iliyobadilisha mambo. Ni mawimbi ya sauti yaleyale yanayomwonyesha mama mtoto aliye tumboni. Daktari hupaka jeli nyuma ya goti, huweka kichwa cha mashine, na kwenye kioo huiona siatiki ikiwa ya duara, yenye vitundu kama sega la asali. Ateri hudundadunda karibu nayo. Vena hubanika ukiikandamiza. Sindano huingizwa ikionekana, na dawa hutokea kama kidimbwi cheusi kinachoizunguka neva. Uzuri wa njia hii uko hapo: unaona dawa inakokwenda, na mara nyingi kiasi kidogo hutosha. Neva ikivimba yenyewe, dawa inaingia ndani yake, na daktari husimama mara moja.

Hata hivyo kioo huonyesha kipande chembamba tu cha mwili. Ncha ya sindano ikitoka nje ya kipande hicho, daktari anaona shina la sindano akidhani ni ncha. Ndiyo maana huvuta bomba la sindano kwanza kuangalia kama kuna damu, halafu hudunga kidogokidogo. Dawa nyingi ikiingia kwenye mshipa wa damu, midomo hufa ganzi, masikio huvuma, na mambo yakizidi huja degedege na moyo kusimama. Chumba cha upasuaji kinapaswa kuwa na mchanganyiko wa mafuta wa asilimia 20, unaodungwa mshipani kuokoa hali hiyo.

Na kuna kiongozi mwingine asiyehitaji umeme, naye ni mgonjwa mwenyewe. Akiwa macho na kuhisi maumivu makali yakichoma hadi vidoleni wakati wa kudungwa, aseme papo hapo, hata kama daktari ameinamia kioo. Sindano hurudishwa nyuma kidogo, kisha kazi inaendelea.