Usonji ni nini, na mbona siku hizi watoto "wameongezeka"?

Juzi kwa chama chetu hapa Manyatta, Kisumu, pesa zishahesabiwa na chai ndiyo inamiminwa, mama mmoja akauliza swali nimelisikia karibu mara mia: hii kitu ya otizimu imetoka wapi jamani, mbona sisi tukikua haikuwa? Basi kila mtu akawa daktari. Mmoja akasema ni simu, mwingine chanjo, mwingine Panadol kwa sababu alimwona Trump kwa TV, na dani mmoja, yaani nyanya, aliyekuwa amenyamaza pembeni akasema polepole ati hayo ni mambo ya nyumbani, mkikosea wazee hivyo ndivyo hutokea. Mimi nilinyamaza. Jibu ninalo lakini ni refu na chai ilikuwa inapoa, so wacha niliandike hapa.

Kwa Kiswahili inaitwa usonji. Haiambukizi, si wazimu, na si mtoto aliyekosa adabu. Ni vile ubongo unajijenga kwa njia yake tangu mtoto akiwa tumboni, na hiyo njia inajitokeza pande mbili. Kuna upande wa kuelewana na watu: kuongea, kutazamana, kuonyesha kitu kwa kidole, kujua mwenzako amekasirika bila kuambiwa, kucheza kwa zamu. Halafu kuna upande wa mazoea na mwili: kurudia jambo lile lile, kutaka siku iende vile vile, kushikwa na kitu kimoja kabisa, na masikio au ngozi au ulimi kuhisi vitu kupita kiasi ama kutovihisi. Daktari akitafuta usonji anatafuta pande zote mbili, na zikiwa zimeanza utotoni. Mtoto aliyechelewa kuongea tu, basi, hapo bado hujafika.

Mtoto wa dada yangu tunamuita Kwara, ndiyo "babu" kwa Kijaluo, kwa sababu amebeba jina la babu. Akiwa na miaka miwili ungemuita kwa jina hadi ukauke koo, hageuki, tukaanza kusema huyu ni kiziwi, lakini fungua soda chumba kile kingine uone vile anakuja mbio. Akitaka maji haonyeshi kidole, anashika mkono wako kama mtu ameshika kijiko anaupeleka kwa jagi. Na vifuniko vya soda! Anavipanga ukingoni mwa veranda, vya Fanta peke yake, vya Coke peke yake, mstari umenyooka kuliko barabara ya kwenda Kondele, na ukitoa kimoja usiku akiwa amelala asubuhi anajua. Ng'ambo ya barabara kuna posho mili. Ikiwashwa tu yeye yuko chini ya meza, mikono masikioni, analia hadi jasho. Siku stima ikipotea mtaa mzima unalalamika, yeye ndiyo anatoka nje kucheza.

Mwingine ana usonji na hafanani na Kwara hata kidogo. Kuna anayeongea sana, tena Kiingereza cha katuni, anakuhutubia kuhusu sayari dakika arobaini na haoni umechoka. Karibu robo hadi thuluthi huongea maneno machache sana ama hawaongei kabisa, na kuna wanaofika chuo kikuu bila mtu kushuku. Ndiyo maana wataalamu wanaiita spektra. Watu wakisikia spektra wanafikiria ni ngazi, huyu ako na kidogo, yule ako na nyingi. Mimi huifikiria kama ile mashine ya mtu wa saundi kanisani yenye vitufe vingi, kila kitufe kimewekwa mahali pake: maneno juu, kelele chini, mazoea juu kabisa. Watoto wawili, mashine moja, sauti tofauti.

Sasa hilo swali la mama wa chama, ati zamani haikuwa.

Zamani jina ndilo halikuwa. Mwaka 1925 daktari mmoja wa Moscow, mwanamke, Grunya Sukhareva, aliandika kuhusu wavulana sita ambao ukisoma leo unawatambua mara moja, lakini kwa miaka mingi watu wachache sana walimjua. Mwaka 1943 Leo Kanner kule Baltimore akaandika kuhusu watoto 11, na hapo ndipo jina likaanza kushika. Lakini kipimo cha wakati huo kilikuwa kikali, mtoto lazima awe amejifungia kabisa ndiyo ahesabike. Miaka ya 1970 mwishoni Lorna Wing na mwenzake Judith Gould walitafuta watoto mtaani Camberwell, London, wakakuta wengi ambao hawaingii kwa boksi la Kanner lakini shida zao ni za ukoo mmoja. Kitabu kikubwa cha Marekani ambacho madaktari hutumia kupima, DSM, kikaanza kuipa nafasi yake 1980, kikapanua mlango 1987, kikaongeza Asperger, yaani wale wanaoongea vizuri lakini kuelewana na watu ni shida, 1994, halafu 2013 kikaweka yote chini ya jina moja. Kabla ya hiyo 2013 mtoto mwenye ADHD, ile shida ya kutotulia na kutokaza akili, hakuruhusiwa hata kupewa jina la usonji pamoja, ilikuwa uchague moja. Unaona vile watu wengi wamekuwa wakibaki nje ya mlango.

Hapa Kisumu hii ni rahisi kuelezea. Nenda Dunga, pale ufuoni mwa ziwa, uwaulize wavuvi. Ukitega wavu wa ngege, wale samaki wakubwa, wa inchi tano utarudi na ngege, omena, wale dagaa wadogo, wote wamepita katikati ya matundu wakicheka. Kesho chukua wavu wa omena, uende usiku na taa, utajaza mtumbwi. Je, ziwa limezaa omena usiku mmoja? Wavu umebadilika, na umewasha taa. Hizo karatasi za DSM ni wavu. Walimu, manesi na wazazi wanaojua dalili ndio taa.

Chukua hesabu za Marekani, ndizo watu hupenda kurusha WhatsApp. CDC, shirika la afya la serikali yao, huhesabu watoto wa miaka minane katika sehemu kadhaa za nchi. Mwaka 2000 walipata 1 kwa kila 150. Hesabu ya 2022, ile iliyotolewa 2025, ni 1 kwa kila 31. Ukiona hizo mbili pekee unashtuka, hata mimi nilishtuka. Lakini ndani ya hiyo hiyo hesabu ya 2022 kuna sehemu moja Texas walipata 1 kwa 103, na sehemu moja California 1 kwa 19. Nchi moja, mwaka mmoja, chanjo ni zile zile, simu ni zile zile, tofauti mara tano! California wamekuwa na mpango wa kufundisha madaktari wengi kutafuta mapema na kuna huduma ukipatikana. Pia zamani watoto wazungu ndio walionekana wengi, sai weusi na Walatino wamewapita, na ngozi haikubadilika, ni kwamba kliniki sasa inawafikia. Wadenmark nao walipiga hesabu kwa watoto wao waliozaliwa 1980 hadi 1991 wakakuta kama asilimia 60 ya ongezeko ni mabadiliko ya vipimo na namna ya kuandikisha.

Asilimia 60 si mia, nakubali, nisije nikaonekana ninaficha kitu. Kuna ongezeko dogo la kweli linawezekana: watu wanazaa wakiwa wakubwa zaidi, na watoto njiti ambao zamani wangekufa sasa wanaishi, na yote mawili yanaongeza uwezekano. Duniani kote WHO, Shirika la Afya Duniani, inakadiria kama mtu 1 kwa 127, hesabu ya 2021.

Turudi kwa majibu ya chama.

Chanjo. Hii ilianza 1998, daktari mmoja Uingereza anaitwa Andrew Wakefield, aliandika kuhusu watoto 12 akihusisha chanjo ya surua na usonji. Kumi na wawili, hata darasa la PP1 ni wengi kuliko hao. Jarida la Lancet likaifuta karatasi yake 2010 na yeye akafutwa kwa orodha ya madaktari mwaka huo huo. Wadenmark wakafuatilia watoto zaidi ya 650,000 wakatoa majibu 2019: waliochanjwa surua na wasiochanjwa, hakuna tofauti. Kinachochanganya wazazi ni kalenda. Hapa Kenya chanjo ya surua ni miezi 9 na miezi 18, na huo ndio umri mtoto angetakiwa aanze kuonyesha kidole, kuita mama, kugeuka akiitwa. Mama anaona sindano Jumatatu, anaona ukimya Ijumaa, anaunganisha, mimi simlaumu. Lakini surua inaua.

Panadol nayo: Trump alisema Septemba 2025 kwamba mjamzito akiimeza mtoto anaweza kupata usonji. Mwaka mmoja kabla yake Waswidi walikuwa washaangalia watoto karibu milioni 2.5, wakalinganisha ndugu wa tumbo moja, mama mmoja, mimba moja alimeza na nyingine hakumeza, ule uhusiano ukapotea. Ukiwa mjamzito uliza kliniki kabla ya kumeza chochote, hiyo ni kawaida, lakini homa kali isiyotibiwa nayo ni hatari kwa mimba.

Simu? Mtoto akikaa kwa skrini siku nzima anaweza chelewa kuongea, kweli, ila skrini haijengi usonji. Sehemu kubwa ni jeni, ndiyo maana ukichunguza ukoo unakuta mjomba fulani.

Na kuhusu wazee na laana, sitamkosea heshima dani, yeye amezika watoto na sababu alizopewa ndizo alizo nazo. Ila nataka mjue wazungu nao walikuwa na chira yao, laana ya kuvunja mwiko. Miaka ya 1950 na 1960 madaktari waliosoma kabisa walikuwa wanawaambia kina mama kwamba mtoto amekuwa hivi kwa sababu wewe ni baridi kama friji, hukumpenda. Kina mama wakaishi na hiyo aibu miaka. Kila mahali inaanguka kwa mama, ni ajabu.

Huku kwetu kuna kitu kingine kinachanganya na hakisemwi sana, malaria. Upande huu wa ziwa ukiuliza mtoto alianza lini utaambiwa "aliugua malaria, akashikwa na degedege, tangu hapo." Wakati mwingine ni hivyo kweli, malaria ikipanda kwa ubongo inaweza acha mtoto na shida ya kuongea, kuelewa au kifafa. Wakati mwingine usonji ulikuwepo na malaria ikaja juu yake. Hakuna kipimo cha damu cha kutenganisha, ni mtaalamu kukaa na mtoto, kumtazama akicheza, na kumuuliza mzazi maswali mengi. Wanaanza na masikio, kupima kama anasikia. Dada yangu alienda mara tatu kituo kimoja hapa akaambiwa wavulana huchelewa, nenda nyumbani, ataongea. Alipoteza mwaka mzima.

So msingoje. Mtoto wa mwaka mmoja hageuki akiitwa, wa mwaka na nusu haonyeshi kitu kwa kidole, ama alikuwa na maneno yakapotea, mpeleke. Hospitali ya rufaa ya kaunti ni pa kuanzia, na kuna vituo vya tathmini ya watoto vya wizara ya elimu, EARC, viko tangu 1984, wazazi wengi wanavipita kila siku hawajui kazi yake. Wataalamu wa kufundisha kuongea ni wachache mno na wengi wako Nairobi, lakini mtaalamu wa okupesheno, yule wa kumzoesha mtoto shughuli za kila siku, unaweza kumpata kaunti. Dawa ya kumaliza usonji haipo. Mtu akikuuzia chupa ya "kusafisha sumu" mwilini mwa mtoto, mrudishie chupa yake. Kwara ana miaka sita sai, anatumia picha kuomba vitu, chapati, maji, bembea, na mwezi uliopita alinisukuma mkono akaonyesha posho mili kwa kidole, akaziba masikio, akanitazama. Ilikuwa mara ya kwanza ananiambia kitu.

Kenya nzima hatuna hesabu ya usonji. Mwenye kusema kwetu hiyo kitu ni kidogo, amehesabu na wavu upi? Kule Siaya tulikuwa na mzee tulimwita tu Wa Mabasi. Kila asubuhi saa moja alikuwa stejini, pale pale chini ya mti ule ule, akitaja namba za kila basi la Busia likipita, la mwaka huu na la miaka ishirini nyuma. Hakuoa. Hakukutazama usoni. Alikula ugali na omena, ukimpa kuku anaondoka. Siwezi nikampa mtu aliyeshafariki jina la hospitali. Lakini Agosti 2019 watu wa sensa walifika pale bomani, wakauliza yale maswali yao, kuna mtu ana shida ya kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia, kuongea na watu. Kakake ndiye alijibu, na Wa Mabasi ameketi hapo pembeni. Hapana, akasema, huyu ako sawa, ni vile tu anapenda mabasi.